Darubini ya Maskati kwenye mbingu ya Wete

Ami yangu ni fundi wa redio pale Wete, Pemba, tangu sijazaliwa. Kitu chenye skrubu hakimtishi. Kwa hiyo aliponipigia simu mwishoni mwa Agosti 2024 na kuniambia, "Maalim, ile darubini aliyoniletea nduguyo imekufa kioo," nilijua ameshaihangaikia vya kutosha.

"Umejaribu mara ngapi, Ami?"

"Usiku kumi na moja. Weusi mtupu. Mara moja tu nimeona kitu kama kimulimuli, kikapita mbio kikapotea."

Hicho kimulimuli ndicho kilichonifanya nifunge safari. Kioo kilichokufa hakionyeshi kimulimuli. Tena darubini yenyewe binamu yangu alikuwa ameitumia miaka miwili juu ya dari ya nyumba yake Maskati, akiona nayo ile miezi minne inayoizunguka sayari ya Mushtara (Jupita) bila taabu. Kilichobadilika si kioo, ni mahali. Nikapanda boti Ijumaa ya tarehe 30, nikashuka bandari ya Mkoani, nikashika gari ya Wete.

Kisa hiki nakieleza kwa urefu kwa sababu si cha Ami peke yake. Karatasi za maelekezo zinazokuja na darubini ndogo, takriban zote, zimeandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi mbali kaskazini ya ikweta. Mtu wa Pemba au Unguja akizifuata neno kwa neno hukwama hatua ya kwanza, na mwisho hukilaumu kifaa au hujilaumu mwenyewe. Nimeshaona darubini mbili zimefanywa pambo la sebuleni kwa sababu hiyo, na inaniuma, maana mbingu zetu ni miongoni mwa mbingu nzuri za kutazama.

Nilivyoikuta

Ilikuwa imesimama uwandani baina ya majamvi ya karafuu, imeelekea kaskazini, upande wa msikiti. Ni darubini ya kioo, si ya lenzi: kioo kikuu kilicho chini ya bomba kina upana wa milimita 114, na urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye kioo mpaka pale mwanga unapokutana, ni milimita 900. Bomba limebebwa na kichwa chenye mihimili miwili, na upande wa pili wa bomba kuna fimbo yenye uzito wa chuma wa kusawazisha, ambao Ami anauita "jiwe". Kichwa kimekaa juu ya miguu mitatu ya chuma. Pembeni mwa mhimili mkuu kuna mota ndogo ya betri.

Nikasoma kipimo cha kichwa. Kimekaa kwenye nyuzi 23 na nusu. Lenzi ya jicho, ile unayotazamia, iliyochomekwa ni ya milimita 4, na chini yake pameunganishwa lenzi ya kuzidisha mara mbili. Darubini ndogo ya kulengea, iliyo mgongoni mwa bomba, inacheza kama jino bovu.

"Nani aliweka 23 hapa, Ami?"

"Imekuja hivyo. Karatasi inasema usiguse baada ya kuiweka sawa mara moja. Itafute Nyota ya Kaskazini, basi."

Karatasi haikusema uongo. Ilikuwa inazungumza na mtu mwingine.

Kichwa cha aina hii kimeundwa kwa kazi moja ya maana sana. Dunia inajizungusha, na kwa hiyo mbingu yote inaonekana kuzunguka nyuzi 15 kila saa. Kwa jicho tupu huoni mwendo huo, lakini ndani ya darubini nyota inakimbia. Sasa ukiulaza mhimili mkuu wa kichwa uende sambamba na mhimili wa dunia, utahitaji kuzungusha kirungu kimoja tu, au kuiachia mota, na nyota itatulia. Mhimili wa dunia unaelekea kwenye ncha ya mbingu, nukta ambayo nyota zote zinaonekana kuizunguka, na urefu wa ncha hiyo juu ya upeo wa macho ni sawasawa na latitudo ya pale uliposimama. Maskati ni nyuzi 23 na nusu na kidogo kaskazini ya ikweta. Binamu yangu aliulaza mhimili kwenye nyuzi hizo, akauelekeza kwenye Nyota ya Kaskazini, iliyo karibu na ncha hiyo, akamaliza.

Wete iko nyuzi 5 kusini ya ikweta. Huku ncha ya kaskazini imezama nyuzi 5 chini ya upeo wa macho, na ile nyota imezama nayo. Haichomozi hata usiku mmoja katika mwaka. Manahodha wa majahazi waliokuwa wakishuka na kaskazi walilijua jambo hili vizuri mno. Waliiita nyota hiyo Jaa, wakaipima kwa vidole urefu wake juu ya bahari, na kadiri walivyoshuka kusini ndivyo ilivyozidi kuinama mpaka ikatoweka, wakabaki kuzitegemea nyota nyingine, Suheli ikiwamo. Ami alikuwa ameitafuta Jaa usiku kumi na moja juu ya msikiti. Ilikuwa nyuma ya ardhi.

Ncha tunayoiona sisi ni ya kusini, nyuzi 5 tu juu ya upeo, yaani chini ya vilele vya minazi. Nyota iliyo karibu nayo inaitwa Sigma Octantis, nayo ni hafifu sana, mwangaza wa daraja la 5.4 (namba ikizidi, nyota imefifia zaidi), karibu na kikomo cha jicho zuri penye giza zuri. Kwa nyuzi 5 za urefu, ndani ya ukungu wa bahari, sahau. Hapa hakuna nyota ya kuelekezea mhimili. Inabidi njia nyingine, na njia hiyo nitaifikia, kwa sababu ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote.

Alasiri: kulengea na kukuza

Kabla ya usiku tulirekebisha mambo mawili ambayo peke yake yangetosha kumnyima Ami kila kitu.

La kwanza, ile darubini ndogo ya kulengea. Kazi yake ni kuonyesha eneo pana ili ujue bomba kubwa linatazama wapi. Ikiwa hazitazami mahali pamoja, unatafuta sindano kwenye shamba la mpunga. Jambo hili hufanywa mchana, si usiku, kwa kitu kilichotulia kilicho mbali zaidi ya kilomita moja. Tulichagua mnara wa simu upande wa kusini-mashariki, jua likiwa mgongoni petu. Napaza sauti hapa: usiitazamishe darubini upande wa jua wakati wa kazi hii, na usiiache imefunuliwa watoto wakiwa karibu. Kioo cha milimita 114 kikikusanya jua ndani ya jicho, jicho halirudi.

Tukachomeka lenzi ya milimita 25, tukakileta kilele cha mnara katikati ya bomba kubwa, tukakaza. Kisha bila kugusa bomba tukazungusha skrubu za ile ndogo mpaka alama yake ya msalaba ikakaa juu ya kilele kilekile. Tukabadili lenzi, tukaweka ya milimita 10, tukarudia. Dakika 15.

"Lakini mnara umesimama kichwa chini," Ami akasema.

Alikuwa amelichukulia hilo kuwa ushahidi wa ubovu. Darubini ya kioo hupindua picha, ndivyo mwanga unavyopita ndani yake, na kwa nyota haidhuru kitu, kwani mbinguni hakuna juu wala chini.

La pili, ukuzaji. Ukuzaji unapatikana kwa kugawa urefu wa fokasi wa kioo kwa ule wa lenzi ya jicho: 900 kwa 25 ni mara 36, 900 kwa 10 ni mara 90. Lenzi ya milimita 4 ni mara 225, na ukiongeza ile ya kuzidisha ni mara 450. Kioo hakibebi hivyo. Kipimo cha kawaida ni kwamba ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara mbili ya upana wa kioo kwa milimita, yaani 228 kwa hiki, na hapo hewa iwe imetulia kabisa. Ami alikuwa ametumia mara 450 tangu usiku wa kwanza, kwa sababu boksi linajisifia namba kubwa, na mtu huanza na kile anachoambiwa ni bora.

Angalia matokeo yake. Kwa mara 36 unaona eneo la mbingu lenye upana wa nyuzi 1 na nusu hivi, yaani miezi mipevu karibu mitatu iliyopangwa kwenye mstari, na nyota hulivuka kwa zaidi ya dakika 5. Kwa mara 450 eneo limekuwa dogo kuliko robo ya mwezi, mwanga umefifia, na nyota hulivuka kwa nusu dakika. Hicho ndicho kimulimuli chake. Ilikuwa nyota halisi, safi, ikipita mbele ya tundu la sindano.

Nikaiondoa ile ya milimita 4 na ya kuzidisha, nikazifunga kwenye kitambaa. Anza na lenzi yenye namba kubwa kila mara.

Usiku wa kwanza: mhimili umesimamishwa wima

Sikutaka kuanza na hesabu za ncha ya kusini usiku ule. Mtu aliyekosa usiku kumi na moja anahitaji kuona kitu leo. Kwa hiyo nilikisimamisha kichwa: mhimili mkuu ukapanda mpaka nyuzi 90, wima kabisa. Ukifanya hivyo, darubini inakuwa kama mzinga: kirungu kimoja kinaigeuza kushoto na kulia, kingine kinaiinua na kuishusha. Mota haina kazi. Tukasawazisha miguu kwa pimamaji la fundi, tukalisogeza jiwe kwenye fimbo mpaka bomba likakaa penyewe popote unapoliacha, tukaitoa nje nusu saa kabla ili kioo kipoe kilingane na hewa ya usiku.

Baada ya magharibi sayari ya Zuhura ilikuwa upande wa kisiwa cha Fundo, chini, inang'aa. Tukailenga kwa ile ndogo, na kwenye kubwa ikawamo. Ami hakusema neno, alivuta kiti tu.

Baada ya isha tukageukia kusini. Nge wa nyota alikuwa juu amejikunja, na mkiani mwake pana kundi la nyota ambalo hata jicho tupu huliona kama doa la wingu. Wataalamu huliita M7. Kwa mara 36 lilijaa kioo chote. Chini zaidi, karibu na Msalaba wa Kusini uliokuwa unazama, tukaitazama Alfa ya Kentauri, ambayo kwa jicho ni nyota moja na kwa mara 90 ni mbili zilizokaa pamoja kama macho ya paka. Kwenye nyota moja angavu nikaufanya mtihani wa vioo: niliivuruga fokasi makusudi mpaka nyota ikawa sahani yenye tundu, nikaangalia kama tundu limekaa katikati. Lilikuwa limesogea kidogo. Robo mzunguko wa skrubu moja nyuma ya kioo kikuu ikatosha, na nikamkataza Ami asiziguse tena skrubu hizo mpaka aone haja.

Saa tatu usiku Zohali, ile sayari yenye pete, ilikuwa imepanda theluthi ya njia kuelekea utosini, upande wa mashariki. Hapa ndipo nilipomwonyesha jambo ambalo karatasi yake isingeweza kumwambia. Katika nchi za mbali na ikweta nyota huchomoza kwa kulala upande, kwa hiyo mwenye darubini iliyosimamishwa wima hulazimika kuzungusha virungu vyote viwili daima. Pemba nyota za mashariki hupanda moja kwa moja, kama mtu anayekwea mnazi. Zohali siku zile ilikuwa nyuzi 7 hivi kusini ya ikweta ya mbingu, yaani ule mstari wa mbinguni ulio juu ya ikweta ya dunia, karibu sawa na latitudo ya Wete. Ilipanda wima. Ami alizungusha kirungu kimoja tu, cha kuinua, na kile kingine alikigusa mara mbili tatu kwa saa nzima.

Akatazama kimya, kisha akauliza pete ziko wapi. Boksi linaonyesha pete pana. Nilimwambia atafute mstari mwembamba uliolipenya duara kama kijiti kilichopitishwa ndani ya chungwa, na akauona. Pete za Zohali zilikuwa zinakaribia kutugeukia ubavu, jambo linalotokea kila baada ya miaka 15 hivi, na Machi 2025 zilikaa ubavu kabisa. Baada ya hapo zimeanza kufunguka tena mwaka hadi mwaka.

Karibu na usiku wa manane furaha ikapata kizuizi. Zohali ilikuwa inakaribia utosini, na pale kichwa kilichosimamishwa wima hushindwa: bomba linagonga miguu, na kirungu cha kugeuza lazima ukizungushe sana ili kukifuata kitu kilichosogea kidogo tu. Kwetu hili si jambo dogo, maana sayari mara nyingi hupita karibu na utosi wetu, na utosini ndipo hewa ilipo nyembamba na picha ilipo kali. Kwa mgeni wa siku moja mhimili wima unatosha. Ami alikuwa na mota, na alitaka ifanye kazi.

Kuitafuta kusini

Jumamosi asubuhi nikamkuta ameweka dira juu ya meza ya karakana, baina ya spika tatu kuukuu. Sindano ilikuwa inaelekea kwenye spika. Hata nje, karibu na miguu ya chuma ya darubini, dira huyumba, na ya simu huyumba zaidi. Nikamwambia tuiache.

Tulifanya duara la Hindi, ambalo wanavyuoni wa falaki wamelitumia karne nyingi kupatia kibla. Tulisimamisha kijiti cha mkarafuu chenye urefu wa sentimita 50, wima kwa timazi, kwenye ardhi iliyosawazishwa. Tukachora duara la nusu kipenyo cha sentimita 40 kulizunguka. Asubuhi kivuli ni kirefu, kinapita nje ya duara. Karibu na saa nne ncha yake ikaingia ndani, tukaweka msumari. Mchana kikafupika, kisha kikaanza kurefuka upande wa pili, na karibu na saa tisa kasoro ncha ikatoka, tukaweka msumari wa pili. Mstari baina ya misumari ni mashariki na magharibi. Gawa katikati, vuta uzi mpaka kwenye kijiti: hiyo ndiyo kaskazini na kusini, ya kweli, si ya sumaku.

Wengine hupendelea kukitazama kivuli cha zawali pekee, kwenye saa sita na dakika 22 mchana kwa Wete siku ile. Kwetu sipendekezi. Jua la Pemba huwa juu mno wakati huo, kivuli ni kifupi, nacho hugeuka kama nyuzi moja kila dakika. Saa yako ikikosea dakika tatu, umekosea nyuzi tatu.

Tulipomaliza, Ami akaurefusha uzi kuelekea msikitini, akasimama, akaniita.

"Njoo uone. Umeangukia mihirabuni."

Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Makka iko kwenye longitudo ya nyuzi 39.8 mashariki, na Wete ni 39.7. Maana yake Makka iko kaskazini yetu takriban kamili. Kwa hesabu, kibla cha Wete hakiachani na kaskazini ya kweli hata kwa nyuzi moja. Mjini Unguja kinapinda kuelekea mashariki kwa nyuzi moja na ushei tu. Mpemba aliyesimama kwenye safu anaitazama ncha ya kaskazini ya dunia, na akigeuza mgongo anaitazama ile ya kusini. Ami ameswali msikiti ule miaka yote, na alikuwa akihangaika na dira juu ya spika. Kibla chenyewe kinaweza kuhakikiwa: tarehe 27 na 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, jua huwa juu ya Al-Kaaba, na saa za Makka ni sawa na zetu, kwa hiyo kivuli cha kijiti wakati huo kinaonyesha mgongo wa kibla pasi na hesabu yoyote.

Usiku wa pili: tofali, dumu na swichi

Ukishapata kusini unabaki na urefu: mhimili uinuke nyuzi 5 tu. Kichwa kikakataa. Skrubu ya mbele iligota kwenye nyuzi 20, na hata ningeifungua, jiwe lingegonga mguu wa mbele kila bomba linapotazama chini mashariki au magharibi. Vichwa hivi havikuundiwa watu wa ikweta.

Tulikiacha kichwa kwenye nyuzi 20, tukainamisha miguu nyuzi 15 kuelekea kusini. Kutoka kwenye mguu wa kusini mpaka mstari wa miguu miwili ya kaskazini, miguu ikiwa imefupishwa kabisa, ni sentimita 65. Kuinama nyuzi 15 kunataka miguu ya kaskazini iinuliwe sentimita 17. Tofali la inchi sita ni sentimita 15. Juu yake tukaweka kipande cha ubao cha sentimita 2. Nikahakiki mwinamo wa mhimili kwa kipimapembe cha shule kilichofungwa uzi wenye nati: nyuzi 5.

Mara ya kwanza niliiweka miguu miwili kusini na mmoja kaskazini. Nilipolichomeka bomba, yote ikaanza kwenda mbele. Ami aliidaka. Sababu yake ni wazi ukiichora: uzito umesogea kusini, na upande ulio baina ya miguu miwili uko karibu na katikati kuliko ncha ya mguu mmoja. Mguu mmoja lazima uwe kusini, chini ya uzito. Tena tukaning'iniza dumu la maji la lita 5 katikati ya miguu, na darubini ikatulia hata kwa kusi iliyokuwa inavuma usiku ule. Pimamaji halina kazi tena hapa. Miguu ikiwa imeinama haidhuru, alimradi mhimili umeelekea panapotakiwa.

Tukaikamata Zohali kwa mara 90, tukaiwasha mota. Ikatoroka. Kwa mara 90, bila mota, huondoka katikati kwa dakika moja hivi. Sasa ilikimbia kwa nusu ya muda huo. Nilianza kufikiri nimeukosea mhimili.

"Inakwenda kinyume," Ami akasema, sikio lake likiwa kwenye mota. "Inakwenda kinyume, ndiyo maana mwendo umekuwa maradufu."

Pembeni mwa kisanduku cha mota pana swichi ndogo yenye herufi N na S, ambayo mimi niliipita bila kuiona. Ilikuwa N, kaskazini, kama ilivyotoka Maskati. Unapoelekeza mhimili kusini, mota lazima igeuke upande wa pili. Akaibonyeza, akarekebisha mwendo kidogo kwa kile kirungu cha kasi, akakaa.

Zohali ikasimama. Alitoka akaenda kunywa maji, akarudi, ipo. Shangazi akaitwa, watoto wa jirani wakaitwa, kila mtu akatazama kwa zamu bila kugusa kirungu, na baada ya dakika 20 sayari ilikuwa imesogea robo tu ya kioo. Kwa mhimili uliolengwa kwa kivuli na tofali, sikutarajia zaidi. Usiku wa manane ulipopita ilikuwa utosini, bomba limesimama vizuri, jiwe likiwa upande wa pili, na kile kijiti ndani ya chungwa kilikuwa kimenyooka kuliko usiku uliotangulia. Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kilikuwa kimeshapanda mashariki. Shangazi akaomba akione, tukaitoa Zohali, tukaweka lenzi ya 25. Kwa jicho wengi huhesabu nyota sita. Aliacha kuhesabu.

Nilirudi Unguja Jumatatu. Kabla sijaondoka Ami alikuwa ameshachora kwa chaki mahali pa miguu mitatu, kwa mujibu wa uzi wa msikitini. Jumatano ya tarehe 4 Septemba alinipigia simu baada ya magharibi. Alikuwa amemimina saruji: vikalio viwili vya sentimita 17 upande wa kaskazini, na kimoja sawa na ardhi upande wa kusini, vyote na kishimo cha kukalia ncha ya mguu. Jua lilikuwa limezama lote, alinihakikishia hilo kwanza kwa sababu nilimsisitizia sana, na hilali ya Mfungo Sita ilikuwa juu ya Fundo imelala kama mtumbwi, Zuhura juu yake.

"Nimeuona kwa jicho," akasema, "sasa nauona kwa kioo, milima yake yote ubavuni. Subiri, Maalim, usikate simu, nduguyo wa Maskati yuko kwenye simu nyingine, namwelezea."